Faili la Tatu

Jumba namba sita, Michenzani, ghorofa ya nne.
Chumba cha kina Ussi kilinuka bajia na mafuta ya taa,
na mashine ya kijivu, aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati,
ilikaa juu ya cherehani la marehemu bibi yake,
imefunikwa kitambaa cha kufuma kama sinia la harusi.

Shilingi mia, nusu saa.
Machano aliandika madeni ukutani kwa mkaa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kijapani,
herufi kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Hakuna aliyejua kinachosemwa
ila Zuwena. Zuwena alisema anajua.

Alikaa juu ya gunia la mchele, juzuu ya chuoni mapajani,
akatusomea kila kisanduku kilichofunguka chini ya kioo:
"Huyu mwenye upanga yatima. Kalelewa na shangazi
muuza ndimu. Anamtafuta baba yake
aliyekwenda kuchuma karafuu akasahau njia ya kurudi."

Tukaamini.
Kulikuwa na kijiji, na kisima, na mwanamke mlangoni
aliyerudia neno lilelile kila ukimsogelea.
"Anasema karibu, chai ipo."
Miaka mitatu tulikaribishwa chai.

Sehemu ya kwanza sahani moja, ya pili mbili,
ya tatu nne, na ile ya mwisho imechubuka
tukaisugua kwa dawa ya meno hadi ikasoma.
Joka la barafu tulimwita Mzee Friji.
Mwizi wetu, Pakacha, kwa kuvuja siri.
Siku nzima tulizunguka msituni kuua vidude vya ute
ili kijana wetu apande daraja,
na mama akaniuliza, mwiko mkononi:
"Na la skuli, je, utalipanda lini?"

Tukafika mlango wa ngome. Wa mwisho kabisa.
Tukahifadhi kwenye kadi, faili la tatu,
tukaenda kula. Tukirudi tummalize Mfalme.

Usiku ule waya wa chini ya bahari ukafa.

Miezi mitatu mji mzima gizani.
Tulikaa ngazini, mbu na mshumaa mmoja,
Zuwena akatupa mwisho, kila usiku mwengine:
Mfalme ndiye baba. Mfalme hayupo, ngome tupu.
Mfalme kafungua mwenyewe, anauliza bei ya ndimu.

Umeme uliporudi mashine haikuwepo.
Ussi kaiuza, kamnunulia mama yake jenereta
asiharibikiwe na samaki.
Mimi nikapewa kadi, ndogo kama biskuti.

Mwaka huu nimeukuta mchezo ule kwenye simu,
umefasiriwa. Nikaucheza usiku, mtoto amelala kifuani.
Kijana si yatima. Kijiji kile
yeye ndiye aliyekichoma, zamani, kabla hatujamjua.
Na mwanamke wa mlangoni, nikamsogelea
mara ya kwanza, ya pili, ya tano:
"Hatupokei wageni."
Nikazima.

Zuwena yuko hospitali, dirisha la kuandikisha.
Nilimpeleka mtoto, homa. Hakuinua kichwa:
"Faili namba ngapi?"
"La tatu," nikasema,
na kalamu yake ikasimama.

Alicheka mpaka foleni ikanung'unika.
Nikamuuliza, kwani ulijuaje kusoma yale?
Akanitazama kama mtu anayetafuta chenji.
"Sikujua hata herufi moja. Nilikuwa nangoja zamu.
Nyinyi wanaume, miaka mitatu,
kuna aliyenipa zamu?"

Sikuwa na jibu. Mtoto akapimwa, akapewa dawa ya maji.

Kadi ninayo bado, kwenye kopo la vifungo.
Ndani yake kijana amesimama mlangoni pa ngome,
upanga juu, afya kamili, mia moja kwa mia moja,
na Ussi anajua fundi Darajani
mwenye mashine ya kijivu, mbovu kidogo, inayotengenezeka.
Nimeshampa nusu ya pesa.
Jumamosi tutampigia Zuwena simu.
Sisi tutakaa juu ya gunia.