Sema Bata

Usiku wangu wa kwanza, klabu ya wachimba makaa, Barnsley,
nilikuwa katikati ya kisa cha kasisi na baiskeli
Bwana Crowther, katibu, aliponipokonya maikrofoni:
"Samahani, bibie. Pai zimefika."
Ukumbi mzima ukasimama. Viti vikakwaruza sakafu.
Mcheza kwao hutunzwa, husemwa;
mimi nilitunzwa migongo mia mbili
na harufu ya nyama na pilipili manga.

Nikangoja. Walipoketi tena, midomo imejaa, nikasema:
"Kasisi bado yuko juu ya baiskeli."
Mtu mmoja akapaliwa.
Hicho ndicho kicheko changu cha kwanza. Kilitoka na makombo.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza siri ya ucheshi
(huja kuniuliza siku hizi, kama wanaozuru kaburi)
huwaambia: ngoja pai.
Wanadhani ni fumbo. Wanaandika.

Miaka arobaini na mitatu. Nikiihesabu napata
magari manne yaliyofia njiani baina ya Hull na Doncaster,
gauni moja la samawati lenye shanga, kiraka kwapani juu ya kiraka,
na mume mmoja, Stanley, aliyekaa nyuma karibu na mlango wa choo
asicheke hata siku moja.
Ndani ya gari ndipo angesema: "Ile ya pili uliikimbilia."
Kweli niliikimbilia.
Nilimchukia hadi Wakefield.

Kimya nacho si kimoja.
Kipo cha wasioelewa; hicho hakiui.
Kipo cha walioelewa barabara.
Mwaka wa mgomo, watoto wakila supu ya msaada,
nilifanyia mzaha bahasha ya mshahara.
Mwanamke mmoja akachukua koti lake, akalivaa,
akafunga kifungo baada ya kifungo, polepole, akinitazama.
Mpaka leo hajamaliza kufunga.

Lakini nilitaka kusema habari za mavyaa.
Kila mchekeshaji wa enzi zangu alimfanya mavyaa kitoweo,
nami nikaona nisile mkavu.
Wangu, Edna, nilimnenepesha, nikamtia ubahili,
nikamwoza mbwa wa polisi,
nikamzika mara tatu kwa juma, mara nne msimu wa Krismasi.
Naye alikuja kila Jumamosi, meza ya mbele, kofia kichwani,
mkoba kaupakata kama mtoto,
akicheka kabla sijafika.
Baadaye jikoni, akimenya viazi:
"Ile ya kuku, Doreen. Sema bata.
Kuku ni chakula tu. Bata ana makusudi."
Nikasema bata.
Huko Rotherham watu walivunjika mbavu,
na jina kwenye bango likawa langu peke yangu.

Mwishowe aliwekwa nyumba ya wazee, Bridlington,
dirisha likitazama maegesho ya magari.
Jina langu lilikwisha kumtoka. La mwanawe pia,
na hatukumwambia kwamba Stanley tumemzika,
kwa kweli safari hii, mara moja tu.
Nilikuwa nikimwanzishia vichekesho vyake mwenyewe:
"Mavyaa wangu alikwenda kwa daktari…"
naye akavimalizia bila kukosea neno, macho kafumba,
kama mtu anayesali.

Kisha ikaja siku nikaanza, asimalize.
Nikangoja. Kungoja ndiyo kazi ninayoijua.
Kigari cha chakula kikaingia, gurudumu moja likilia,
akanishika mkono, akaniegemea sikioni:
"Samahani, bibie. Pai zimefika."

Ilikuwa samaki. Ilikuwa Ijumaa.
Wala usiku ule wa Barnsley hakuwapo; labda nilimsimulia,
labda Stanley.
Sijui kama ulikuwa mzaha au ni njaa.
Nimejaribu kukipandisha jukwaani kisa hiki, mara kumi, ishirini,
na kila nikifika hapo kwenye mkono
nakikimbilia,
na garini hakuna wa kuniambia.