Milimita Sita

Kioo kilibaki kazini: dirisha la shule moja ya Kadutu
nililikata fupi kwa sentimita nne. Kosa langu.
Nikalilipa, nikalipandisha nyumbani begani
kwa ngazi za Funu, mvua ikipiga.

Ansima akakigonga kwa ukucha.
"Papa, hiki kinaweza kushika maji?"
(Kwetu papa ni baba. Huko pwani, nasikia,
papa ni samaki, na anakula wenzake.)

Nikakata pande tano, nikabandika kwa silikoni,
siku tatu tukangoja ikauke,
ya nne tukajaza lita sitini
tukalala tukisikiliza kama ubao utalia.
Haukulia.

Jumamosi tukashuka Nyawera kwa Wilondja,
anayepanda na bidoni zake kutoka Uvira,
kona zote za Ngomo akiwa amezipakata.
Samaki wake hufika na kizunguzungu.

Ansima akachagua haraka, kwa kidole,
kama anayechagua peremende:
yule wa njano, yule wa milia,
na yule mwenye nundu kwenye paji la uso
aliyesimama majini kama mkurugenzi.

Wilondja hakuuza. Alikalia bidoni tupu.
"Yule wa nundu ni mpole, papa. Mchana.
Usiku anawapima wenzake kwa kinywa.
Anayeenea, asubuhi hayupo."
Wa milia je?
"Huyo anataka jiwe lake, na jiwe la jirani,
na njia ya kwenda kwa jirani."
Wa njano?
"Mmoja, sawa. Weka madume wawili,
utaamka umkute mmoja, na mapezi ya mwingine."

"Basi sambaza," Ansima akasema. Hao anawajua,
anawala na bugali kila Ijumaa.
Wilondja akacheka mpaka bidoni ikabonyea.
Sambaza ukimtoa ziwani
hafiki hata kwenye ndoo. Hofu humwua
kabla ukavu haujamfikia.

Nilitaka kubishana. Mimi ni fundi:
kisichoingia unakipunguza ukingo, kinaingia.
Nikasema nitaweka kioo katikati,
huku wa nundu, huku wadogo.
"Watamwona?" akauliza.
Watamwona.
"Basi hawatakula."

Nimetia vioo nusu ya madirisha ya Ibanda.
Hakuna aliyewahi kuniuliza
aliye upande wa pili ataona nini.

Tukarudi na wanne, urefu wa kidole gumba,
rangi ya vumbi,
wale wanaoishi ndani ya nyumba za konokono:
kila mmoja na yake, na tatu za ziada,
"kwa ajili ya ugomvi,"
na mchanga kilo sita, maana wanapenda kuchimba.
Ansima alinuna mpaka kwenye ngazi.
Huko juu ndipo akauliza:
"Na yule wa nundu, ataishi na nani?"
Na wakubwa wenzake, nikasema,
kama ninayejua.

Sasa wana wiki tano. Mmoja alimfukia mwenzake mlango;
mwenzake akatoka, akauzoa mchanga
punje kwa punje, akautema kwa jirani wa tatu
ambaye hakuwamo katika kesi.
Ukitia mkono kusafisha kioo, wanakuuma:
kinywa kama tundu la sindano, hasira ya fahali.
Ansima siku hizi hupiga hodi kwanza.

Jana SNEL walikata umeme saa mbili usiku.
Pampu ikanyamaza, nyumba ikawa nzito.
Nikamkuta amesimama juu ya kiti, mshumaa pembeni,
anachota kwa kikombe, anainua, anamwaga kutoka juu
ili maji yapate hewa, alivyoonyeshwa.
Nikamwambia alale.
Hakugeuka. "Zamu yako ni saa sita."
Nikaenda kujilaza na viatu.