Daraja la Kwanza

Malipo ya mnada wa pili yaliingia Jumanne.
Jumatano nikapanda Newala, ukungu bado umelala barabarani,
mfukoni orodha ya mke wangu: sabuni, chumvi, pampasi,
na chini kabisa, kwa kalamu nyingine:
kitu cha Somoe cha kuchezea. Si plastiki.

Mimi ni mtu wa ghala. Miaka kumi na moja
nazamisha mkono ndani ya gunia la korosho,
nikajua kabla ya mizani kama zimelowa,
kama kuna kokoto chini, kama mtu kanifanya mjinga.
Nikasema, kichezeo cha mtoto kitanishinda nini?

Chilumba, fundi vitanda wa nyuma ya stendi,
akanimwagia mali yake juu ya ubao:
ng'ombe, manyanga, ndege, gari la magurudumu manne.
Nikaanza na ng'ombe. Nikamnusa.
"Unanunua wa maziwa?" akauliza.
Nikamsugua mdomoni, upande wa ndani, kwenye ngozi laini,
maana huko ndiko atakakoishi.
Nikamburuta juu ya soksi yangu;
pembe ikanasa uzi.
Ng'ombe akarudi zizini.

Ndege alikuwa mwekundu, mtamu wa macho.
Nikamkwangua kidogo.
Rangi ikabaki chini ya ukucha wangu,
na mimi nina ukucha. Somoe ana ufizi unaomuwasha tu.

Manyanga ya mpingo, hayo niliyatamani.
Meusi, yamenyooka, mazito kama kiapo.
Nikalala chali kwenye benchi la fundi, mbele za watu,
nikayainua juu ya uso kama afanyavyo yeye
akichezea vidole vyake,
nikayaachia.
Wasusi wa kibanda cha pili walicheka
wakaacha kichwa cha mteja nusu msitu, nusu shamba.
Niliinuka na paji linapwita.
Mpingo usubiri. Mtoto aote akili kwanza.

Likabaki gari.
Nikalivuta gurudumu. Likalia kidogo,
kisha likang'oka kama jino bovu,
likakaa kiganjani mwangu, saizi ya korosho.

Hapo sikuwa na mzaha tena.
Mdogo wangu Mfaume alimeza kitufe cha shati la baba.
Mama alimgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni, akampiga,
na hospitali ilikuwa Ndanda,
na Ndanda ilikuwa mbali.

Fundi sikumwambia. Nilisema tu,
"Gurudumu hili halifai."
Akanitazama usoni, muda mrefu kuliko biashara inavyotaka.
Akalichukua gari zima, akalitupa kwenye maranda ya kuwashia moto.

Akaokota kipande cha mfenesi,
masalia ya kitanda cha bibi harusi, alisema,
cha njano kama kiini cha yai.
Akakizungusha, akakitoboa, akakipiga msasa
hadi adhuhuri, na mimi nimekaa nangoja
kama mtu aliyeshtakiwa.
Ikatoka pete. Pete tu.
Haina kiungo, haina rangi, haina msumari,
kubwa kuliko kinywa, nyembamba kwa ngumi ya miezi sita.
Akaipaka mafuta ya nazi, yale yale ya kupikia.
"Mwambie ailambe," akasema. "Na wewe lamba."
Nikalamba.

Nyumbani Somoe aliikagua kama karani mkali.
Akaigonga sakafuni. Akanigonga nayo palepale
pa manyanga.
Kisha akaitia mdomoni, akafumba macho.

Sasa ina mikwaruzo miwili, ya meno ya chini,
midogo kama koma.
Msasa ninao. Sijaigusa.

Mke wangu aliuliza bei. Nikamtajia.
"Kwa tundu lililozungukwa na mti?"
Akaigeuza, akapitisha kidole pande zote, polepole,
akanyamaza.
Kisha akauliza pampasi ziko wapi.