Irabu Tatu Mlangoni

Harrier nyeusi. Bwana Chiwaligo kaileta alfajiri
toka Mtumba, kabla jua la Kizota halijawa msasa.
Nyeupe husitiri, ya fedha husamehe,
nyeusi hukutaja kwa jina.

Naiosha kwanza. Ndoo mbili, kamwe si moja.
Maji yanatoka mekundu kama uji wa ulezi:
ndiyo barabara ya Kondoa hiyo, ndiyo Bahi,
ndio upepo wa Septemba usiobisha hodi.
Halafu udongo. Si huu wetu, ni ule wa pakiti,
laini kama ubani uliokwisha tafunwa.
Naupitisha bonetini uokote
kile ambacho jicho halikioni na kidole kinakijua.

Ndipo nawasha taa.

Mbavuni miiba ya migunga imepiga mistari
sambamba, kama ya daftari.
Na juu ya mistari, mlango wa nyuma, usawa wa kiuno changu,
mtu kaandika kwa jiwe:

a
e
i

A imekaa vizuri, tumbo duara.
E imelala kidogo, ila inasomeka.
I ilianza wima, ikaponyoka,
ikakimbia chini hadi kwenye tairi,
mkia mrefu unaotetemeka.
Miaka kumi na mmoja nasoma rangi.
Naujua ufunguo wa mwenye wivu,
naijua pembe ya mbuzi,
na mkono wa mtoto uliodakwa
katikati ya herufi, naujua.

"Watoto," anasema Bwana Chiwaligo, macho kwenye simu.
"Watoto," nami nasema.

Geji inasoma mikroni mia na kumi juu ya paa,
themanini na mbili mlangoni.
Watu hudhani napaka kitu.
Sipaki. Napunguza.
Ngozi naishusha hadi ilingane na jeraha,
jeraha likose pa kukaa.
Ndiyo maana huwaambia wasiniletee kila Krismasi:
kung'aa nako kuna akiba, na akiba huisha.

Msasa wa maji, namba elfu tatu.
Mashine, sponji ya rangi ya chungwa, dawa matone manne.
Mbeleje kashika waya usiguse bodi.
Nakwenda polepole, kama anayekamua ng'ombe mgeni.
A ikaondoka saa nne.
E ikaondoka kabla ya chai.
I niliifuta kichwa. Mkia ukabaki.
Umefika kwenye chuma; hapo polishi haina neno.

Nilimwambia alipopiga simu.
"Laki tatu, na mkia ubaki?"
Nikasema naweza kuupaka rangi mlango mzima, bei nyingine,
au naweza kukudanganya kwa nta
mpaka mvua ya Desemba.
Akacheka. Kicheko cha upande mmoja.

Saa kumi akaja na binti, sare ya shule,
soksi nyekundu kwa vumbi.
"Sechelela, panda."
Gari liling'aa hata wingu likaonekana likipita mlangoni,
na yeye alikuwa humo, mzima, na begi lake.
Hakujitazama.
Alivuta mkono wa sweta ukafunika vidole
ndipo akashika kitasa.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na kitambaa pia.
Nikafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Wakashika barabara ya Singida.
Lori la alizeti likapishana nao,
na kabla hawajafika kwenye reli gari lilishavaa vumbi,
jembamba, sawasawa,
ubao uliofutwa kwa mkono.

Mbeleje, aliyeishia darasa la pili,
alikuwa akikunja waya.
Akauliza baada ya i huja nini.
Nikamchorea chini, kwa ncha ya kandambili.
Ardhi ya hapa haina koti la kuchubuka.