Kifungu cha Tisa

Nimekaa Chukwani, chumba cha waandishi wa sheria.
Kiyoyozi kinanguruma, mbele yangu umelala
Mswada wa Kuratibu Misaada ya Maafa,
rasimu ya sita, kurasa thelathini na mbili,
nami nimekwama Kifungu cha Tisa, kwenye tafsiri:
"uratibu" maana yake ni

Mwaka ule wa mvua, Kengeja,
maji yalipanda kutoka bondeni bila ya kupiga hodi.
Yakachukua mpunga uliokwisha kuinamisha vichwa,
choo cha skuli, mbuzi wawili wa Faki Shaame
na ukuta wa jikoni kwa shangazi yangu, Bi Mize.
Asubuhi walimkuta juu ya meza,
kakumbatia Msahafu na redio,
anauliza nani kamwona paka.

Siku ya tatu ikaja gari nyeupe.
Wakaandika jina lake.
Siku ya nne gari ya kijani.
Wakaandika jina lake.
Siku ya sita vijana wa pikipiki, wapole, wana adabu;
walitaka kumpiga picha, akawangojesha
mpaka abadilishe mtandio.
Wakaandika jina lake.
Hakuna daftari lililomjua mwenziwe.

Mwezi ulipoandama Bi Mize alikuwa na ndoo nne,
zote nyekundu, zote na vifuniko
(ya nne hakuna ajuaye ilitoka wapi),
mablangeti ya kutandika msikiti mzima,
na bati hata moja hana.
Mabati yalikuwa Mkoani, bandarini,
yakingoja saini ya mtu
aliyekuwa akingoja simu ya mtu
aliyekuwa akingoja barua.

Na Sichana, mpangaji wa banda la nyuma,
mimba ya miezi minane,
hakuandikwa popote.
Kila gari ilipofika
yeye alikuwa kisimani
na sufuria, maana ndoo yake ilikwenda na maji.
Bi Mize akampa mbili.
Hakumtaka kitambulisho.

Juzi mswada ulisomwa mara ya pili.
Methali ya manahodha wengi ilitajwa mara saba,
nilihesabu. Chombo hakikwenda mrama,
wala hakikwenda.
Mheshimiwa mmoja alisimama kuuliza
kamati itakaa chini ya wizara gani.
Mwengine akasimama kujibu kuwa si ya yule.
Saa mbili na robo.
Kisha tukala pilau.

Jana usiku nikampigia.
"Shangazi, uratibu ni nini kwa Kiswahili?"
"Kwani hicho ulichosema Kizungu?"
Akanyamaza, nikasikia redio yake, ile ile.
"Kwenye hitima," akasema,
"masufuria huazimwa nyumba kumi.
Lakini wa kuandika nani kaleta upawa ni mmoja.
Na asiyekula hutafutwa
kabla hatujafika kwenye ukoko.
Basi. Andika hivyo."

Siandiki hivyo, shangazi.
Ukoko hautapita kwa Mwanasheria Mkuu.

Nimeandika:
Kutakuwa na daftari moja la waathirika kwa kila shehia.
Nimeandika:
Hapana mtu atakayeandikwa mara ya pili
iwapo yupo ambaye hajaandikwa hata mara moja.
Mkuu wangu kaipigia mstari ya pili.
Pembeni, kwa wino wa kijani: Hii ni sheria au ni nasaha?
Nimeifuta.
Nimeirudisha.
Nimeifuta neno "iwapo", nikaweka "ikiwa",
kana kwamba hapo ndipo palipovuja.

Ndoo ya nne anayo mpaka leo.
Kaitoboa chini, kapanda mrehani,
ipo kizingitini, hupita ukanukia.
Ndiyo msaada pekee uliomea.

Kabla ya kukata simu aliniuliza,
bila ya hasira, kama mtu anayeuliza saa:
"Na yale mabati, je?"

Nikamwambia yamo.
Jedwali la Pili, aya ya nne.