Gunia Lisilo na Kilemba

Mizani tuliinunua Mbalizi, mwezi wa sita,
kwa hela za hisa, buku mbili mbili za kila Jumatano,
na faini za wachelewaji, nyingi zikiwa za Ambakisye,
ambaye hadi leo anajigamba kwamba ile ndoano ya chuma
imetoka mfukoni mwake.
Tukaipandisha Ilembo kwa bodaboda, imefungwa kitenge
kama mtoto anayetoka kliniki.

Kabla yake tulipima kwa macho ya mnunuzi.
Gunia lake lilikuja limeungwa na nusu ya gunia jingine.
Tukalijaza, akasema bado.
Tukalijaza, akalipiga teke, likashuka, akasema bado.
Kisha kamba zikasukwa juu, viazi vikapangwa kimoja kimoja,
gunia likavaa kilemba kama bwana harusi,
na mahari tukalipa sisi.
Likaitwa gunia moja.
Mama yangu alizeeka akihesabu moja.

Naitwa Tupokigwe. Ni mweka hazina.
Nina daftari la mistari, kalamu ya bluu,
na ufunguo mmoja kati ya mitatu.
Wa pili anao Nzowa. Wa tatu uko shingoni kwa Ndele,
analala nao, anaoga nao.
Sanduku halifunguki mpaka tugombane kwanza, tupatane.

Fuso ilipofika ghalani
tulikuwa tumeshaitundika mizani kwenye boriti la mkaratusi.
Mnunuzi akacheka. Akawasha injini.
Akasema Santilya wapo wanaojaza bila maneno.
Ukungu ukaifuta Fuso kuanzia nyuma:
turubai, namba, taa moja nyekundu.
Tukabaki na magunia mia moja na arobaini ya Kikondo
na mshale uliolala kwenye sifuri.

Siku tisa.
Kiazi hakijui ushirika. Kikiona mwanga kinageuka kijani,
kikikosa hewa kinatoka jasho.
Tulivigeuza usiku kwa zamu, vidole vikifa ganzi kwa baridi.
Siku ya sita Ndele hakuja zamu yake.
Asubuhi nikahesabu: mia moja thelathini na nne.
Nikahesabu tena. Hakuna aliyeuliza.
Nyuma ya ghala palikuwa na alama za mkokoteni,
na mwanawe alikuwa Ifisi, dripu mkononi.

Jumatano alikuja, ufunguo ameuvua shingoni.
Akauweka mezani. Akasema: sita. Lumbesa. Usiku.
Basi, akakaa.
Katiba yetu, kifungu cha kumi na moja, inasema afukuzwe.
Niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri,
nikiwa nimeshiba.
Ambakisye, bingwa wa faini, ndiye aliyesimama:
"Mfuko wa jamii una shilingi ngapi?"
Nikafungua ukurasa ule.
Ulikuwa mtupu. Tulikuwa tumenunua mizani.

Kimya kile nikikumbuka, nasikia mabati.

Kisha Ambakisye akatoa elfu tatu,
akasema ni faini ya kuchelewa wiki ijayo, analipa mapema.
Watu wakacheka vibaya, kama wanaokohoa,
wakaanza kufungua pindo za kanga.
Nzowa akauchukua ufunguo,
akazunguka meza, akamvisha Ndele mwenyewe.
Kifungu cha kumi na moja hatujakifuta.
Tunakiruka tukisoma.

Siku ya tisa wakaja kina mama wa chipsi wa Mwanjelwa,
saba, ndani ya pikapu moja ya kukodi,
nao wana daftari lao, wana kufuli zao.
Wakauliza, kilo shilingi ngapi?
Kilo! Tukatazamana.

Kabla hatujaanza, nililileta gunia la zamani la mnunuzi,
lile la kuungwa, nililokuwa nafunikia kuni.
Tukalijaza mpaka kilemba, tukalitundika.
Boriti likalia. Mshale ukapita mia,
ukapita mia na hamsini, ukasimama sitini na mbili.
Mama, nilisema kimoyomoyo, moja yako hiyo.

Tukalimwaga chini, tukaanza upya.
Magunia yote nimeyaandika kwa kalamu ya bluu, kilo kwa kilo.
Yale sita
yapo kwa penseli.