Jicho la Yungiyungi

Kisu kiwe kikali, Saverio. Kisu butu husaga,
na tunguu lililosagwa huoza kabla ya Ijumaa.
Lioshe tope kwanza, ulione lilivyo:
jeusi, lenye manyoya, kama kidole gumba cha maiti.
Hakuna anayelinunua akiliona hivi.
Wateja wanataka ua.

Sasa tafuta jicho.
Si hilo. Hilo limelala tangu baridi ya Julai.
Hili hapa, lenye ncha ya waridi kama ulimi wa paka.
Acha vidole vitatu nyuma yake, kisha kata
mara moja, usikereze kama unayekata mkate wa juzi.
Paka jivu penye kidonda.
Mama mtu mrudishe majini. Hatalia.
Mwaka jana huyu wa beseni la pili hakuchanua kabisa,
majani yalisukumana hadi yakasimama nje ya maji.
Nilimkata vipande vinne, na Novemba
kila kipande kikatoa ua.
Usiniulize maana. Nishikie ndoo.

Maji ya bomba huja Jumanne usiku, yakija.
Yalaze kwenye pipa siku mbili, dawa ipae,
usije ukaua kwa maji masafi
kilichokuwa kikinawiri kwenye tope.

Haya alinifundisha Indeche, aliyekuwa akisugua
matangi ya samaki kwenye hoteli moja kule Westlands.
Siku moja alitia kangaga la majini ndani ya pakiti tupu ya maziwa
akapita nalo getini, akamwamkia askari kwa jina.
“Hili halina mbegu,” aliniambia, “wala halina haraka.
Jani likizeeka huota watoto kwenye ncha,
na watoto wana mizizi kabla mama hajawaachia.”
Tukawafunga juu ya mawe kwa uzi mweusi
tuliouomba kwa Mbeke fundi cherehani.
Juu ya mawe, Saverio, si chini ya changarawe.
Kangaga ukilifukia umelizika.

Juzi mama mmoja wa Runda alipiga simu:
anataka lile lielealo, lenye maua ya zambarau,
lisilosumbua, linalojaa lenyewe.
Nikamwambia sina, wala sitakuwa nalo.
Aende akatazame Bwawa la Nairobi,
kisha anioneshe maji yako wapi.
Alikuwa anatoa elfu nane.
Nimekosa elfu nane.
Usiku nilizihesabu tena, zilikuwa bado elfu nane.

Sasa umeona hii alama.
Wameichora X nyekundu ukutani, na kwa kuwa rangi ilibaki,
wakaichora na kwenye hodhi la mayungiyungi ya manjano.
Barabara ya Ngong inataka kunenepa. Siku saba.
Hodhi ni zege, halibebeki. Maji hayabebeki.
Vyura walioingia bila kodi
watatafuta pa kuimbia.
Ila jicho, jicho lenye vidole vitatu nyuma yake,
hulala kwenye gazeti bichi wiki nzima
na kuamka popote utakapolilaza.
Ndiyo maana leo tunakata wote,
hata wale ambao hawajafikia umri.

Funga kila moja na gazeti lake, kisha mfuko, kisha gunia.
Waliokomaa chini, wachanga juu.
Kiserian kuna mtu ana ploti yenye kisima,
amesema “njoo tuongee,” hakusema bei.
Huyo mdogo mpe mimi, nitampakata.

Na andika juu ya kila mfuko, kwa herufi kubwa:
NYEUPE. MANJANO. WARIDI.
Yule wa beseni la tatu, ambaye hatujawahi kuliona ua lake,
mwandikie SIJUI.
Tumia ile kalamu ya Mbeke,
ile isiyofutika kwa maji.